Korongo kwenye Mahindi ya Baba

Baba alikuwa ameshabeba bomba la dawa mgongoni nilipomkimbilia na kumziba njia. Nyuma yangu, kwenye mahindi yaliyofika magotini, korongo zaidi ya mia tatu walikuwa wakidonoa viwavijeshi.

“Shikamoo, baba. Subiri kidogo.”

“Marahaba. Toka, Aikaeli.”

Sikutoka. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni wanaopenda ndege, na kwa miaka sita nilikuwa nikiwahesabu korongo hao kila Aprili, wakipita chini ya mlima kurudi kwao kaskazini. Mwaka uliotangulia, jirani yetu Basili alipuliza dawa wakiwa shambani kwake. Niliokota ishirini na saba, wengine bado wanatetemeka. Nililia kama mtoto, wala sioni haya kusema.

Lakini baba naye alikuwa na haki yake. Shamba lile la chini, karibu na Bomang'ombe, ndilo lililotupa ugali wa mwaka mzima. Viwavi walikuwa wameingia jana yake, na ukiwapa siku mbili wanakuachia vijiti vitupu.

“Waache wale mpaka jioni,” nikasema. “Si wanakusaidia kazi?”

“Na wakishiba wakaondoka? Mama yako atasonga manyoya?”

“Basi nipulizie na mimi!”

Jamani, mdomo wangu! Kumjibu hivyo Eliudi, mzee wa kanisa, baba aliyenizaa! Alinitazama. Kisha akaanza kupampu, na nikajua kwamba maneno hayatamzuia tena.

Nikakimbilia mpakani, nikachuma jani la sale. Kwetu Wachagga, aliyekukosea akikuletea jani hilo, humfukuzi. Nikalipiga fundo, nikapiga magoti kwenye udongo mbele yake, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

Mkono wake uliganda kwenye mpini.

“Sale ni ya kosa lililokwisha kutendeka,” alisema. “Kama ni huo mdomo wako, nimeshakusamehe. Inuka.”

“Si mdomo, baba. Ni mahindi. Yakiisha, mimi ndiye niliyekukosea.”

Halafu akalipokea lile jani, akatua bomba chini.

Tuliketi mpakani. Kila korongo alipoinua shingo, nilidhani sasa wataruka. Saa nane mchana, jua likiwa kali, wakaanza kuruka, wakazunguka juu yetu, wakashika njia ya kaskazini. Wote. Baba akapuliza dawa papo hapo, lakini upande wa bondeni, ambako ndege hawakufika, viwavi walikuwa wameshamaliza.

Tulivuna nusu. Siku ya kupukuchua, mama, ambaye hakuwapo shambani siku ile, aliuliza mbele ya majirani imekuwaje. Nikafungua mdomo nijieleze. Baba, ambaye sijawahi kumsikia akisema uongo hata kwa utani, hakuinua macho kwenye gunzi lake.

“Nilichelewa kuamka,” alisema.