Nyigu Ndani ya Bua

Mwanaume halei mtoto mchanga. Maneno hayo Mama Bernadina alitoka nayo Singida, na hakuyaficha. Binti yake alifariki akijifungua, mjukuu wake Felista sasa ana miezi saba, na baba mtu anazunguka naye kwenye vibarua vya mashambani huko Mbulumbulu, kamfunga mgongoni kwa kanga ya marehemu. Watu wanacheka. Basi kesho asubuhi angeondoka na Felista wake.

Dominic hakubisha, maana mkwe habishani na mama mkwe. Lakini roho ilimuuma, ilimuuma kweli. Aliendelea kung'oa mahindi yaliyokauka kiini na kupasua mabua awatoe viwavi, huku mtoto kalala mgongoni.

Bua moja likafunguka. Ndani kiwavi katulia kimya, ubavuni mwake wamejipanga funza wadogo weupe, na juu yao kasimama mdudu mweusi asiyemzidi sisimizi.

"Na wewe unawatazama tu?" Bernadina, aliyemfuata shambani, akapeleka kidole gumba awaponde.

Dominic akamdaka mkono. Mkwe kumshika mama mkwe mkono! Mwenyewe alishtuka, akauachia upesi.

"Nisamehe, Mama. Hao si watoto wa kiwavi, ni wa huyo nyigu. Bwana shamba alituonyesha. Anamdunga kiwavi mpaka analegea, anataga juu yake, watoto wanamla. Wanatusaidia."

"Mdudu hutaga akaenda zake."

"Wengine. Huyu haondoki mpaka wanawe wajifumie vifuko vyao."

Bernadina hakuamini. Alichuma unyasi, akamsukuma mdudu. Nyigu akateleza, akarudi. Akamsukuma tena, safari hii kwa nguvu. Akarudi, akasimama palepale juu ya wanawe.

"Kadogo hivi," bibi alisema, akautupa unyasi.

"Mimi kulea sijui, Mama. Ila kumwacha siwezi."

Bernadina akazunguka nyuma yake. Dominic alisikia vidole vikifungua fundo la kanga. Akafumba macho. Mtoto ndiye huyo anakwenda.

"Inama," Bernadina alisema. "Miguu huwekwa hivi, ikumbatie mgongo wako. Siku zote hizi umemning'iniza mjukuu wangu kama mzigo wa kuni!" Akazivuta ncha za kanga, akakaza. "Haya, fungua. Nataka nikuone ukifunga mwenyewe."