Stuli ya Babu Lifti

Mwalimu wa masomo ya jioni alitupa swali la kwenda nalo nyumbani: kwako wewe, enzi ya kisasa ilianza lini? Jibu langu nilikuwa nalo tayari. Ni siku yangu ya kwanza kazini, nilipobonyeza kitufe nikapaa ghorofa sita na ndoo yangu ya kudekia, bila tone la jasho.

Nikataka na la Babu Lifti, bawabu wetu. Zamani alikuwa anakaa ndani ya lifti, akiiendesha kwa mkono.

"Andika," aliniambia. "Ilianza siku waliponitoa na stuli yangu, wakaweka vitufe. Watu wakawa wanabebwa bila mtu wa kuwaangalia."

"Babu, una kinyongo na vitufe."

"Nina magoti mabovu, mjukuu wangu. Wewe andika."

Nikainamia daftari. Nilipoinua kichwa, binti yangu wa miaka mitatu, niliyekuja naye kazini, hakuwapo. Nilisikia mlango wa lifti ukijifunga, mngurumo ukipanda, kishindo, halafu kimya.

Nilipanda ngazi mbili mbili. Lifti ilikuwa imekwama katikati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Nikabandika mdomo kwenye upenyo wa mlango.

"Kasuku?"

Tunamwita Kasuku kwa sababu hanyamazi hata usingizini. Sasa hakujibu.

Babu alifika akihema. "Naenda juu kuizungusha kwa gurudumu. Ila haina mlango wa ndani, unajua. Sizungushi mpaka akujibu kwamba amekaa nyuma kabisa. Akiwa ameshika ukuta wa mbele..." Hakumalizia. Alivishika tu vidole vyake mwenyewe.

Nikabaki peke yangu na ule upenyo, unanuka grisi. Nikaita, nikabembeleza. Nilikuwa naziona akilini kucha zake, nilizomkata asubuhi ileile, zote kumi.

"Amejibu?" Sauti ya Babu ilishuka kutoka juu.

"Bado, Babu."

Kitu kimoja Kasuku hawezi kukivumilia ni mtu kukosea.

"Mama anahesabu," nikasema. "Moja, mbili, tano."

Nikatega sikio kwenye upenyo.

"Moja, mbili, saba."

"Tatu," ikasema sauti ndogo iliyojaa kamasi. "Ni tatu, Mama."

"Haya, nifundishe. Ila kaa chini kwanza, mgongo kwenye ukuta wa nyuma, mikono mapajani. Umekaa?"

"Nimekaa. Kuna giza."

"Hesabu kwa sauti, nisikosee tena. Zungusha, Babu."

Chuma kikalia. Moja, mbili, tatu. Lifti ikapanda kidogo kidogo. Alipofika saba, akanyamaza.

"Simama, Babu!" nikapiga kelele. "Kasuku?"

"Nafuta kamasi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa gauni."

Tukaendelea. Alihesabu mpaka kumi, akarudia mara nne, ndipo sakafu zikalingana, mlango ukafunguka. Nilimkumbatia mpaka akalalamika namminya.

Babu alishuka akishikilia ukuta. Tukarudi chini, nikalichukua daftari nifute jibu langu.

"Usifute," alisema. "Kesho utaipanda tena."

"Siipandi, Babu."

"Utaipanda. Nitaleta stuli yangu."

"Inatosha watu wawili?" Kasuku akauliza.

Nikaliacha jibu langu lilivyo, na chini yake nikamalizia la Babu. Kasuku alikuwa amenikalia mapajani, herufi zikatoka kama ameandika yeye.