Vigae vya Ukumbi wa Wageni

Fundi vigae alikuwa amevaa suti, au tuseme suti ndiyo iliyomvaa yeye. Koti lilimbana kwapani, suruali iligoma kufika viatuni, na tai ilikuwa imefungwa na dada yake kwa nguvu ya mtu anayefunga gunia la mkaa.

"Jinyooshe basi, kaka," dada yake alimwambia walipopita getini. "Unatembea kama umeiba."

"Niibe nini? Hata kuingia sijaruhusiwa."

Hapo ndipo palipomuuma. Binti yake wa pekee alikuwa anafunga ndoa asubuhi ile ndani ya hekalu, lile jengo jeupe lililosimama mbele yao, na ndani ya hekalu hawaingii ila waumini wa dini ile. Binti aliifuata ukubwani, yeye hakuifuata. Kwa hiyo mtu aliyemlea kwa kupiga magoti kwenye sakafu za watu tangu mama mtu alipofariki, leo angesubiri kwenye ukumbi wa wageni, jengo dogo la pembeni, kama aliyekuja kusoma mita ya maji.

Jana yake binti alimshika mkono akamwomba jambo moja tu. "Baba, nikitoka nikukute. Halafu uniambie neno la heri. Moja tu, ila lisiwe la utani."

Lisiwe la utani! Maisha yalikuwa yamemzaba fundi makofi ya kila aina, naye akajifunza kuyacheka mapema kabla hayajainua mkono mwingine. Utani ndio uliokuwa mwavuli wake. Neno kavu, lisilo na kicheko ndani yake, angelitoa wapi? Tena na kile kinyongo kilichomkaa kooni? Njiani alishamwambia dada yake mpango wake: watakaa kidogo, kichwa kitamuuma ghafla, wataondoka.

"Kichwa chako kikiuma leo," dada yake alijibu, "nitakipasua kipone moja kwa moja."

Mlangoni walipokewa na mwenyeji wa ukumbi, mama mmoja mwembamba mwenye mvi, aliyevaa viatu laini visivyotoa sauti.

"Karibuni sana. Ninyi ndio watu wa bibi harusi?"

"Mimi ndiye baba," alisema fundi. "Huyu shangazi mtu. Kazi yake leo ni kunilinda nisitoroke."

Mama mwenyeji alicheka kwa moyo, jambo ambalo fundi hakulitarajia, akawapeleka katikati ya ukumbi. Ndani ya sanduku la kioo palikuwa na hekalu dogo, limekatwa ubavu kama mkate, vyumba vyote vikionekana: ngazi zake, taa zake, viti vyake vya kitambaa.

"Binti yenu yuko hapa sasa hivi," alisema, akionyesha chumba kimoja chenye vioo ukutani.

Fundi aliinama. Chumba chenyewe kingejaa kwa kiberiti kimoja.

"Mbona simwoni?"

"Yuko kwenye kile kikubwa, baba."

"Aa. Nilidhani mmemkunja."

Dada yake alimfinya. Lakini fundi alibaki ameinama vile vile, anakitazama kile chumba kitupu, mpaka macho yakaanza kumchezea. Ndipo akafanya alilolifanya siku zote mambo yakimzidi: akaangalia sakafu.

Akasahau kumeza mate.

Vigae vilikuwa vyeupe, vina mishipa ya kijivu, na kila mshipa ulitoka kigae kimoja ukaingia kingine bila kukatika, utadhani jiwe zima lilitandikwa kama shuka. Nafasi za kati ya vigae zilikuwa nyembamba kama uzi, zote sawasawa. Fundi alizifuata kwa macho hadi ukutani, kisha akajikuta anazifuata kwa miguu.

"Hakuna sakafu isiyo na dhambi," alinong'ona. Roho yake ilichangamka. Hapa sasa wangejuana. Angepata kosa moja tu, angalau moja, na kinyongo chake kingepata pa kukaa.

Alianza nyuma ya mlango. Huko ndiko mafundi hufichia vipande vilivyokatwa vibaya. Ukitaka kumjua fundi, mwache na katikati ya sebule yake, funga mlango uchungulie nyuma. Fundi alichungulia. Kipande kilikuwa kimekatwa kukizunguka kizingiti kwa upole wa kinyozi anayezunguka sikio la mtoto mchanga.

Ikabaki kupiga. Kigae kisichoshiba saruji chini hulia kama kopo tupu, hata kiwe kizuri namna gani juu. Fundi alipiga magoti, akagonga kwa kifundo cha kidole, akalaza sikio, akasikiliza. Kimeshiba. Akasogea. Kimeshiba. Akasogea tena, akiambaa na ukuta, paji la uso likigusa sakafu, midomo ikimtembea kwa mshangao.

Wageni wengine waliokuwa wakitazama picha ukutani walinyamaza. Baba mmoja akavua kofia. Mama mwenyeji, macho yakimlengalenga, alikwenda kupunguza sauti ya filamu iliyokuwa ikionyeshwa kwenye runinga ya ukumbi. Shangazi mtu alijiziba mdomo kwa mkoba, mabega yakitikisika, na kila mtu akaelewa kwamba analia.

"Kaka!" alimnong'oneza alipofika karibu. "Inuka! Watu wanakuonea huruma!"

"Ngoja. Kona hii siiamini."

Mlango ukafunguliwa. Binti akaingia na gauni lake jeupe, mume wake nyuma, akasimama ghafla mbele ya mgongo wa baba yake.

"Baba yako hajainuka kwenye maombi," mama mwenyeji alimwambia kwa sauti ya chini.

Fundi alisikia. Akageuka akiwa bado magotini, akawaona wote wanavyomtazama, na kofia ya yule baba kifuani. Ilikuwa zawadi imeletwa mpaka miguuni. Ni kunyamaza tu, wabaki wakiamini alikuwa anaomba. Akamtazama binti yake, akashindwa.

"Sikuwa naomba, mwanangu. Nilikuwa nagonga vigae."

Binti hakushtuka hata kidogo.

"Najua, baba. Vingapi vimelia?"

"Hakuna."

"Nyuma ya mlango je?"

"Nyuma ya mlango ndiyo kabisa." Akapapasa kigae kilichokuwa mbele yake. "Nilitafuta kosa, mwanangu. Nililitaka kwa nguvu zote, nitoke nalo hapa. Sijalipata. Watu waliofanya kazi hii hawakuifanya ili itazamwe tu. Basi nyumba yenu iwe hivi. Iwe imeshiba chini. Hata nyuma ya mlango, mahali ambapo hatupiti sisi wageni."

Binti aliuma midomo. "Hilo ndilo neno?"

"Ndilo. Na sijaweka utani. Kama umo, umeingia wenyewe."

Alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Mkwe wake akawahi kumpa mkono, lakini binti alimzuia. Akakusanya gauni, akachuchumaa kando ya baba yake kama zamani alipofuatana naye kazini.

"Gauni! Jamani, gauni!" shangazi alipiga kelele.

"Ile kona uliyosema huiamini ni ipi?"

"Hii."

Akagonga. Wote wawili wakalaza masikio, pua kwa pua, wakisikiliza.

Kule ukutani, yule baba aliyekuwa amekwisha kuvaa kofia yake akaivua tena.