Unga Mkavu

Jana jioni karatasi zote saba zilikuwa za manjano. Asubuhi hii sita zilikuwa zimegeuka rangi ya tofali. Drocella Mukundwa aliziinua chupa moja moja kutoka kwenye dirisha la maabara, akazitazama kwenye mwanga, akazirudisha zile sita; ya saba akaitia mfukoni. Kila chupa ilikuwa na kijiko cha unga wa muhogo, maji kidogo, na karatasi iliyoning'inia chini ya kifuniko. Karatasi ikibaki ya manjano, unga unalika. Ikigeuka tofali, mna sumu inayomkaza mtu miguu asitembee tena kama watu.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja hapo Kamembe. Mashine ziliporwa mwaka wa tisini na nne, na sasa, tisini na tisa, hakuna aliyeleta hata mizani. Drocella alifanya utafiti wake kwa chupa za dawa ya kikohozi. Kwa chupa hizo hizo alipata nafasi ya kusomea udaktari wa sayansi ya chakula huko Ubelgiji. Ilibaki barua moja tu ya ruhusa, yenye sahihi ya mkurugenzi, kabla mwezi haujaisha.

Mkurugenzi Tumukunde alikuwa ameiweka mezani, upande wa kushoto. Upande wa kulia aliweka cheti cha kuthibitisha kwamba magunia mia tatu ya unga wa muhogo ya kituo cha wajane yanafaa kuliwa.

"Kaa, Mademoiselle. Leo tunamaliza yote mbili. Wewe unasinya hii, mimi nasinya hii."

"Ile unga ni mubaya, Directeur. Nilikuandikia."

"Uliandika, ukaandika tena. Bajane mia ine banangoja. Unapenda balale njaa?"

"Napenda batembee."

Tumukunde alicheka kidogo. "Bamama ba Gikundamvura banakulaka muhogo toka zamani za babibi yabo. Nani alipooza?"

"Babibi balikuwa banaloweka siku ine. Sasa ni usiku moja tu, juu batu ba bunduki banaiba muhogo mu maji. Na camion, ile lori ya shemeji yako ya kuleta unga, haingojake."

Tumukunde aliiweka kalamu juu ya cheti.

Drocella alitoa chupa ya saba mfukoni. "Angalia. Ni unga ile ile. Niliilowesha, nikaianika kivulini masaa matano, sumu ikatoka na hewa. Karatasi ni manjano. Tufanye hivi, tusitupe hata gunia moja."

"Nikikubali kuilowesha, nimekubali iko na sumu." Alimsogezea kalamu. "Sinya."

Drocella alisaini. Kwanza aliandika chini ya muhuri, kwa herufi kubwa, UNGA HUU UNA SUMU, kisha jina lake, tarehe, na sahihi nzuri kuliko zote alizowahi kuweka. Alitoka nje akiwa na furaha, furaha ya hasira, ya mtu aliyetema kitu kilichomkaba siku nyingi.

Cheti kingine kilichapwa mchana huo. Alikisaini Shema, mtoto wa dada yake mkurugenzi, aliyesomea biashara na ambaye muhogo aliujua ukiwa umeshafika sahanini. Baada ya wiki mbili Shema alipanda ndege kwenda Ubelgiji kuchukua nafasi ya Drocella, majedwali ya utafiti wa mwenzake yakiwa kwenye begi. Drocella hakufukuzwa kazi. Alinyang'anywa tu ufunguo wa maabara.

Alikwenda kituo cha wajane, ambako unga ulikuwa umeshaanza kugawiwa. Nasiba, mpishi, hakungoja kubembelezwa.

"Nilibaona bajane, dada. Balikuja na miguu yabo, sasa beko kumi na moja banatembelea fimbo. Mikeka iko. Leta maji."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi walilowesha unga, wakautandaza mwembamba chini ya paa la ua, na saa nane wajane wakapewa mgao wao. Drocella aliwaeleza wote bila kuficha: waliokwisha kukazwa miguu hawataponywa na unga huu, ila hapatakuwa na mgonjwa mwingine. Miezi mitatu ilipita. Hapakuwa na mwingine.

Ndipo Tumukunde alipokuja kwa gari, na barua ya Shema kutoka Ubelgiji. Aliisoma akiwa amesimama kati ya mikeka, viatu vyake vikipata vumbi jeupe.

"'Profesa anahitaji wagonjwa arobaini kwa utafiti. Tunao kumi na mmoja, na tangu unga uanze kuloweshwa hawaongezeki. Naomba kituo kigawe unga mkavu hadi Aprili.'" Aliikunja. "Shema anakusalimia. Si wewe ulikuwa unapenda utafiti?"

"Utafiti yangu ilikuwa ya kutoa sumu, Directeur. Haikuwa ya kutafuta batu ba kuiingiza."

"Beba mikeka," Tumukunde alimwambia dereva wake.

Kesho yake Drocella alileta shuka zake mbili za kitandani. Nasiba alileta vitenge vitatu. Walikuwa wakitandaza, Drocella akifungua gunia la kwanza, aliposimama mbele yao Nyirahabimana, mjane kutoka Gashonga. Alikuwa ametembea mwendo wa saa mbili kwa miguu yake mizima. Shingoni alivaa kadi mpya yenye namba kumi na mbili.

"Nipe unga kavu, dokta."

"Nani alikuvalisha hii?"

"Batu ba Directeur. Baligawa mpaka arobaini. Mwenye karata hii anakula kavu, kila mwezi anapata chupa ya mafuta."

"Mama, unajua namba hii inangoja nini?"

"Najua. Ulituambia." Nyirahabimana alitazama shuka, kisha akamtazama Drocella usoni, bila ugomvi. "Nina batoto bane. Wewe utanipa mafuta?"

Drocella hakuwa na mafuta. Alikuwa na ndoo ya maji. Aliinyanyua kwa mikono miwili na kuimimina yote ndani ya gunia lililokuwa wazi, unga ukanywa, ukadidimia.

Nyirahabimana alilizunguka gunia hilo, akaenda kwenye la pili, lililokuwa bado limeshonwa. Akaketi juu yake, bakuli mapajani, miguu yake mizima ameinyoosha mbele, akangoja lifunguliwe.