Tundu kwenye Bati la Rajabu

Rajabu alijenga nyumba ya mbao kule Shume, ukingoni mwa msitu, mahali ambapo mwezi wa saba hata mbwa huomba blanketi. Nguzo za umeme hazijafika, lakini ya nini nguzo, Rajabu ana sola! Akaezeka bati la msauzi, lile la bei ghali, rangi ya damu ya mzee. Akalitazama kutoka barabarani, akalitazama kutoka shambani kwenye kabichi, kisha akabomoa jiko la zamani la udongo ili moshi wa mafiga usije ukalichafua. Mkewe Saumu akabaki anapikia gesi huku vidole vimekufa ganzi, akijiuliza mke wa Rajabu hasa ni nani, yeye au lile bati.

Angevumilia. Lakini Latifa, binti yao aliyeolewa Tanga, alikuwa amejifungua, na alitaka kuja kumalizia arobaini kwa mama yake. Mjukuu wa kwanza! Saumu alishafua khanga za kumpokelea. Mama mkwe wa Latifa naye, mwanamke mwenye maneno matamu kama halua, alishatuma salamu: "Huko kwenu baridi, dada yangu. Si mtuachie tu mtoto huku kwenye joto?" Saumu alipozisikia, roho ilimuuma hasa.

"Sola inatosha taa," alimwambia mumewe. "Tunataka moto wa akiba. Fundi Kassimu ana jiko la chuma la kuni, lina bomba la kutolea moshi. Na kuni tunazo mpaka tunajikwaa."

"Bomba litapita wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwani juu kuna wapi, baba Latifa? Kwenye bati."

"Bati langu litobolewe? Thubutu!"

Basi Rajabu mtaalamu akaingia kazini. Akashuka Lushoto mjini, akarudi na hita ya umeme. Ukungu ulikuwa umeifunika Shume wiki nzima, jua hakuna, betri za sola ziko hoi. Hita ikawaka nyekundu, ikapendeza kweli, na Saumu hajamaliza kusema alhamdulillahi, nyumba nzima ikazimika. Akaleta hita ya gesi. Vichwa vikawauma, Rajabu akaamuru dirisha lifunguliwe hewa iingie. Ikaingia, na baridi yote ya msituni nyuma yake. Ndipo akasema waweke jiko la mkaa chumbani, mlango wafunge.

"Tobaa!" Saumu akang'aka. "Unataka mjukuu apate joto au unataka tumzike?"

Mwishowe Rajabu akalikubali jiko la Kassimu, kwa sharti moja: bomba litokee dirishani. Kassimu akacheka, akakataa kulifunga hivyo, akaenda zake. Rajabu akalifunga mwenyewe. Upepo wa Shume ukaushika moshi kule nje na kuurudisha wote ndani. Rajabu, machozi yakimtiririka, akasema, "Si unaona linavyovuta?"

Latifa akafika Alhamisi alasiri. Mtoto akakohoa mara mbili tu, moto ukazimwa, naye akafungwa nguo juu ya nguo kama kabichi. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vya baridi. Latifa hakugomba. Alikuwa anakunja nepi na kuzirudisha kwenye begi.

"Nisamehe, mama. Naondoka na gari la leo. Kwa mama mkwe kuna joto."

Saumu akamgeukia mumewe, akafoka kwa Kishambaa, maana Kiswahili kilikuwa kidogo kwa hasira ile. Alivunjiwa jiko lake la udongo akanyamaza, alisema. Haya, leo Rajabu alipakate bati lake! Aliogeshe, alibembeleze, aliimbie!

Rajabu akamtazama mjukuu, akalitazama begi. Kisha akatoka, akasimamisha ngazi. Hakumngoja Kassimu. Alikata bati kwa mkono wake, uso ameukunja kama anang'olewa jino, akatoboa tundu la kwenda upande, kubwa kuliko bomba. Lakini moshi ulipanda juu, ukaenda zake. Adhuhuri Latifa alikuwa amevua sweta, na nepi zimetoka kwenye begi, zinaning'inia karibu na jiko.

Jioni kukawa na manyunyu. Majirani walikuja kumwona mtoto, wakalisifia joto. Rajabu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, na tone la maji kutoka kwenye lile tundu likamdondokea begani. Akasogeza kiti kidogo, hakuangalia juu.

"Bomba hilo," akawaambia wageni, "nililipanga tangu msingi. Nyumba ya Shume bila moto wa kuni? Huo si ujinga?"

Saumu alikuwa na jibu, na lilikuwa kali. Lakini mtoto alikuwa amelala mapajani pake, nyayo zake zina joto. Akalimeza, akanyoosha mguu, akalisukuma beseni la kufulia nepi mpaka chini ya tone.