Farasi wa Mjomba Nathulal

Tembo alikuwa hamsumbui Nathulal hata kidogo. Nyumba nyingi za kijiji chao, kule nje ya Udaipur, zilikuwa na tembo aliowachora yeye ukutani kando ya mlango, wanene, wachangamfu, mkonga juu kumkaribisha bwana harusi. Balaa lilikuwa farasi. Mlango wa harusi unataka tembo upande huu na farasi upande ule, na farasi, kusema kweli, walikuwa wanamtoa jasho Nathulal tangu ujana wake.

Safari hii mlango ulikuwa wa dada yake, na biharusi alikuwa Kamli, mpwa wake wa pekee. Siku kama hiyo mjomba huja na zawadi ya kuonekana. Nathulal hakuwa na dhahabu wala ng'ombe, alikuwa na brashi. Ukuta ule ndio ulikuwa zawadi yake yote.

Asubuhi ya harusi, Dhapu Bai, mama mkwe wa dada yake, akatoka na chai yake kuja kukagua.

"Tembo nimemwona," akasema. "Na punda huyu wa nini?"

"Ni farasi, mama."

"Mwanangu, mimi binti wa mfinyanzi. Nimekua na punda wa kubeba udongo uani. Masikio hayo utanidanganya mimi?"

"Nitayapunguza."

"Punguza, na huo uso uutazame. Wakwe hawatakuja kumcheka mjukuu wangu mlangoni kwangu. Jioni nikimkuta bado punda, napaka chokaa."

Nathulal akarudi kazini roho mkononi. Akafuta masikio, akafuta uso, na alipotaka kuanza upya akakuta gundi ya kushikisha rangi imekwisha, na duka limefungwa kwa sikukuu. Akanyemelea jikoni kwa dada yake, akamega sukari guru iliyowekwa kwa ajili ya vitafunio, akaiyeyusha, akachanganyia rangi. Ikashika vizuri ajabu, uso ukang'aa. Sisimizi tu ndio walianza kuja, naye akawa anawapangusa kwa ncha ya kilemba.

Jioni Dhapu Bai akaja na ndoo ya chokaa. Akamtazama farasi.

"Sasa amekuwa punda aliyenyolewa," akasema, akachovya brashi.

"Mama, nakuomba. Sina kingine cha kumpa Kamli."

Kabla hajajibiwa, ngoma zikasikika njiani. Msafara wa bwana harusi ulikuwa umewahi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Dhapu Bai akaificha ndoo nyuma ya sketi yake pana.

Bwana harusi akafika juu ya farasi jike mweupe, akainua fimbo ili aguse pambo la juu ya mlango kabla ya kushuka, kama desturi inavyotaka. Farasi hakumngoja. Akageuka, akanusa ukuta, akaanza kumlamba farasi wa Nathulal kuanzia puani hadi sikioni. Bwana harusi akavuta hatamu, kilemba kikamfunika macho. Wapiga ngoma wakanyamaza.

"Anambusu mwenzake," mtu akasema.

Baba wa bwana harusi akasogea mbele. "Nimefuga farasi miaka yote, sijaona mchoro wa kumdanganya farasi. Fundi ni nani?"

Nathulal alitamani ardhi ipasuke. Akamwona Dhapu Bai akiuinamia ukuta, akipitisha kidole palipolambwa, kisha akikitia mdomoni. Akamkazia macho Nathulal. Basi, imekwisha, Nathulal akajiambia, na zawadi ya Kamli nayo imekwenda.

"Ni kaka wa mkwe wangu," Dhapu Bai akawaambia wageni. "Farasi wa nyumba hii hachorwi na mtu mwingine." Na kwa kisigino akaisukuma ndoo nyuma ya mlango.

Baadaye, akipitisha sinia la vitafunio, alimwinamia Nathulal na kumtilia kimoja kiganjani.

"Bado ni punda," akamnong'oneza. "Ila mtamu."