Mistari Iliyokwepa Ukingo

"Hukumpenda tangu siku ya kwanza, mama. Sasa umepata kisingizio."

"Simpendi, ni kweli," nikamwambia binti yangu. "Lakini mfupa haujui hilo. Shika lenzi."

Hakushika. Alisimama mbele ya meza yangu ya kusafishia vitu vya kale, huku nyuma ya makumbusho, kanuna. Mchumba wake, wanayefukua naye shimo moja, alikuwa ameleta kipande cha mfupa kilichochorwa mistari ya kukingamana kama wavu. Eti kazi ya watu wa zama za mawe. Mchana huo mkuu wetu angewaonyesha waandishi wa habari, na binti yangu ndiye aliyetia saini kwamba aliuona mfupa ukitoka ardhini.

"Uliuona ukitoka?"

"Niliuona mkononi mwake."

"Basi hukuona."

"Mama, ungekuwa polisi ungefunga mtaa mzima."

"Ningeanza na mkwe."

Hakucheka. Nami sikuwa natania sana. Jana huyo bwana alinijia na soda baridi, akaniita mama mkwe, akaniomba nisiusugue mfupa wake. Brashi yangu inamtisha nini?

"Angalia pale ulipovunjika," nikasema.

Akainama hatimaye. Mistari ilikaribia ukingo, ikasimama kwa adabu.

"Sahani ya maua ikivunjika, ua hukatika au hujikunja lipishe ufa?"

"Labda mtu wa kale aliokota kipande kilichokwisha kuvunjika, akakichora."

Nilifurahi. Sikumsomesha bure.

"Labda. Ndiyo maana nikasafisha mstari mmoja."

Nikaugeuza mfupa. Udongo wa kwenye mstari ule ulikuwa umebanduka kama ganda, kwa sababu ulikuwa umechanganywa na gundi. Chini yake mchoro ulikuwa mweupe kama jino la mtoto, wakati mfupa wenyewe ulikuwa wa kahawia kwa uzee.

Akashika lenzi, akainama tena. Kisha akauliza polepole, "Umeona plasta kwenye kidole chake?"

"Nimeiona."

"Aliniambia alijikata akimenya viazi."

Nikaweka brashi chini.

"Mama, yule hajawahi kumenya kiazi."

Simu yake ikaita. Jina la mchumba likawaka kwenye kioo. Akaizima, akarudisha mfupa kwenye kisanduku chake, akavuka korido bila kunitazama. Nikamsikia akibisha mlango wa mkuu.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kufuta saini yangu."